Alasiri Baba Alipokataa Upendeleo

Juzi mjukuu wangu Desideri alikuwa anasikiliza hotuba ya mzee mmoja wa Marekani kwenye simu, akanitafsiria: mpaka wa nchi ulindwe, wageni wajulikane, na shule au kazi apewe anayeweza, asipendelewe mtu kwa rangi yake. Nikashtuka. Huyo ni baba yangu Tadei kabisa, mjumbe wetu wa nyumba kumi.

Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, mama alikuwa anasaga ulezi, jiwe likikwaruza, unga ukinukia ua mzima. Akaingia mgambo Kasimiri na viatu vyake vizito.

"Mjumbe, waliotoka Zambia wote wanatakiwa ofisini. Na huyu Mmambwe wako je? Au upendeleo umeanza?"

Jiwe likanyamaza. Mama alikuwa wa kabila la Wamambwe, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mimi Felista, mtoto wao, nilijua hilo kwa nyimbo zake tu.

Baba akatazama chini. "Hakuna upendeleo. Mama Felista, jifunge kitenge, twende."

"Baba Felista, hata mimi?"

"Hata wewe."

Nilidhani ofisini ndiko Zambia kwenyewe, na kwamba aendaye huko harudi. Nikamng'ang'ania mama miguu, nikalia mpaka sauti ikakauka, Kasimiri akanibandua. Leo najua walikuwa wanaandika majina tu.

Walirudi jua likizama, mama akimtania baba kwamba amemtembeza bure.  Asubuhi yake, kwa hasira, sikupiga magoti kumwamkia baba kama kila siku.