Mashua Iliyofungiwa Uani

Mama Sare, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na mke mwenza wa mbao. Ndivyo alivyoiita mashua ya mumewe, tena kwa sauti, mbele ya wateja, huku mume mwenyewe akipita na randa mkononi akijifanya hamnazo. Mke mwenza huyo alilala uani juu ya magogo tangu mtoto wao wa mwisho akiwa mgongoni. Mtoto huyo sasa ana ndevu.

Haikuwa mashua ya kuvulia samaki. Iliundwa zamani kwa mashindano ya matajiri wa klabu moja ya bandarini, nyembamba, ndefu, ya kuringia. Baba mkwe wa Mama Sare ndiye aliyekuwa seremala wa klabu. Aliipiga msasa, akaikalafati nyufa zisivuje, akaipaka vanishi mpaka bwana mkubwa akawa anajiona uso kwenye mlingoti. Kuipanda ikiwa imetweka tanga, hakuruhusiwa hata siku moja. Klabu ilipofungwa mashua ikatelekezwa matopeni, na mzee akafa akiitaja. Mwanawe akaapa kwamba itarudi majini, na safari hii atakayeshika usukani atatoka ukoo wao. Kiapo hicho kilimkera Mama Sare kuliko mashua yenyewe. Utabishana vipi na marehemu?

Basi akavumilia. Mashua ikaezekwa bati jipya, jikoni kwake wakaweka sufuria ya kukingia mvua. Mbao zilizooza ziling'olewa moja moja zikatiwa nyingine. Kushona matanga kukamwangukia yeye, na kitambaa kile kigumu kilimvunjia sindano hadi akawa anaitukana cherehani isiyo na kosa. Alipomaliza, asante ilikwenda kwa mashua. Mume aliipapasa ubavuni akasema, "Sasa umependeza."

Jumamosi moja mume akaingia kwenye chumba cha kushonea, ameshika futi ya kupimia, uso kama wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama watoto, kuna jambo dogo."

"Madogo yako nayajua. Sema."

"Mashua haipiti getini."

Mama Sare akaacha kukanyaga cherehani. Mashua ilipoletwa, upande ule wa barabara ulikuwa wazi. Baadaye ndipo kilipojengwa chumba chake cha kushonea, palepale penye uwazi, na aliyekijenga ni bwana huyuhuyu. Mtu anayepima ubao wa mashua mara tatu kabla hajaugusa kwa msumeno alipanga matofali huku akipiga mluzi, akajifungia chombo chake mwenyewe ndani!

"Kwa hiyo?"

"Tubomoe ukuta huu. Ikishatoka nakujengea tena."

"Lini?"

"Nikitulia."

Mori ukampanda. Chumba hicho ndicho kilichosomesha watoto wakati bwana akikataa kazi za watu, za milango na vitanda, ili abembeleze mbao zake. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, sare zimerundikana hadi darini. Akikosa chumba sasa, wateja watahamia kwa mshonaji mwingine na hawatarudi.

"Ukuta wangu hauguswi! Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, nilipima. Ni upande wa chumba chetu cha kulala. Ila nikajiuliza, tutalala wapi?"

"Ahaa! Pa kulala umepafikiria. Pangu pa kazi umeona ni stoo!"

"Sikusema hivyo, mke wangu."

"Umesema! Basi bomoa chumba cha kulala. Kile ulichoniingiza nikiwa bibi harusi, kile nilichozalia wanao. Kibomoe hicho, mpitishe mkeo. Mimi nitalala hapa chini ya cherehani."

Alisema ili kumkomoa. Alitaka amwone akinywea, aseme basi, mashua na ikae ilipo. Mume akatazama sakafu. Kisha uso ukamchanua.

"Kweli, mke wangu? Umeridhia?"

Hakungoja jibu, alishatoka mbio kumwita mdogo wake. Punde si punde Mama Sare akawaona wakipita uani na kitanda chake cha ndoa, mume mbele, shemeji nyuma, wakielekezana kama wanaomhamishia jirani kabati.

"Polepole, usikwaruze ukuta," mume alionya. Ukuta wenyewe ndio aliokuwa anakwenda kuubomoa.

Shemeji mtu akasita. "Shemeji, una uhakika lakini?"

"Ameshasema mwenyewe," akajibu mume, akatua kitanda, akachukua nyundo na kuondoka zake.

Kishindo cha kwanza kikatikisa nyumba. Mama Sare alikuwa ameshinda, ukuta wake ulikuwa mzima, na hakuwahi kukasirika hivyo maishani mwake. Angebisha walau kidogo! Angesema hata neno moja juu ya chumba kile!

Shemeji alikuwa bado amesimama uani, hajui la kufanya.

"Kitanda tukiweke wapi, shemeji?"

"Lete humu kwangu," alisema Mama Sare, akavuta kaptula iliyofuata. "Pamoja na mto mmoja. Wa pili peleka kwenye mashua."