Mashimo ya Makumbi

Nilimkuta shangazi barazani, mikono ameilaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Vidole vimevimba, vimetoka vidonda. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla sijauliza akasema, "Ni maji ya mtoni hayo, mwanangu." Hasira ikanipanda pale pale, na mpaka sasa haijashuka.

Ngoja nikwambie mto wenyewe ulivyokuwa. Unapita nyuma ya nyumba zetu, upande wa Mbegani, unaingia kwenye mikoko kisha baharini. Kwenye tope lake wanawake wa mtaa wetu walifukia makumbi ya nazi, kila mmoja na shimo lake alilolizungushia vijiti. Makumbi yakikaa humo miezi, yanalainika. Yanafukuliwa, yanapondwa kwa rungu, yanatoa nyuzi za kusokota kamba. Kamba hizo ndizo zilizonisomesha. Jumamosi mtaa mzima ulikuwa pu, pu, pu, na bibi akituletea mihogo ya nazi kwenye sinia, tukila na harufu ya makumbi vidoleni. Sikufichi, makumbi yananuka. Shuleni mwalimu alinikalisha dirishani.

Lakini maji yalikuwa safi, na hayakuwa safi kwa bahati. Bibi alikuwa mkali. Choo kichimbwe kule juu, mbali. Maji ya kuogea yaishie kwenye migomba. Mtoto aliyekojoa karibu na mashimo alichapwa, awe wa kwake au wa jirani, na maelezo yalikuwa mafupi: "Kuna watu wanatia mikono humo."

Siku hizi nyumba za wageni zimejaa, na vyoo vyao vikijaa linaitwa gari la kunyonya. Tuliahidiwa mabwawa ya kusafishia majitaka. Uwanja ukafyekwa, mikorosho ya watu ikakatwa, kibao kikasimikwa, na mpaka leo kilichopo ni kibao. Kuku wanajipumzisha chini yake. Basi gari linakuja mtoni, mchana kweupe, linateremsha mpira na kumwaga yote majini.

Nililikuta kesho yake asubuhi, baada ya kuiona mikono ya shangazi. Nikamwambia dereva azime mashine. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi.

"Dada yangu, mbona huku kunanuka tangu zamani? Waulize wenyeji."

Mwenyeji ni mimi. Harufu ya kazi yetu, iliyotulisha, leo imekuwa ruhusa ya kutumwagia vinyesi vya wapita njia. Nikamwambia maneno ya bibi, kwamba kuna watu wanatia mikono humo. Akaangaza kando ya mto, akaniuliza, watu gani? Na kweli hapakuwa na mtu. Majirani wote wameacha mashimo yao, vijiti vimeoza. Lililobaki lilikuwa la shangazi peke yake.

Jioni aliniomba nikamfukulie makumbi yake, maana mikono yake haiwezi tena. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikayatoa, nikayaponda uani. Nyuzi zilitoka nyeusi. Niliziosha kwa maji ya bomba, nikarudia, hazikutakata. Shangazi akazinusa, akageuza uso, akasema tusimuuzie mtu kitu kama hicho. Tangu nizaliwe sijamwona akitupa makumbi.

Zilipokauka nikazichoma kule juu, nyuma ya choo chake, ambacho bado kiko mbali na mto, pale pale bibi alipoagiza kichimbwe.