Majibu Tuliyoyasikia Jikoni

Enzi zetu, nyumba yenye spika mbili ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Yetu ilikuwa mojawapo, pale nje kidogo ya Kamukuywa, na si kwa sababu tulikuwa na mali. Papa, yaani baba yetu, alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kitale, na alipoachishwa alirudi nyumbani na godoro, redio ya kupiga santuri, na spika mbili za mbao zenye kitambaa cha kahawia mbele. Umeme hatukuujua. Redio ile ilitumia betri ya gari, ambayo kaka yangu Wekesa aliipeleka sokoni kuchajiwa akiisukuma kwa wilbaro. Betri ikirudi, sisi watoto tulinawa miguu bila kuambiwa, maana jioni hiyo kungekuwa na muziki.

Mama ndiye aliyeleta mambo. Alisema hawezi kukohoa moshi huko jikoni huku mwenzake anatikisa mguu sebuleni. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitafuta waya, akaupitisha juu ya ua na katikati ya migomba, akaingiza spika moja jikoni na kuipandisha darini, karibu na mahindi ya mbegu. Majirani walisema amekaliwa chapati, yaani mke ndiye anayemtawala. Hakuwajali.

Kwa hiyo Papa, wavulana na wageni walisikiliza spika ya sebuleni, na mama nasi wasichana tukasikiliza ya jikoni. Tulichambua mboga za mrenda huku machozi ya moshi yakitutoka na kuku wakitupita miguuni. Mama alisonga ugali kwa kufuata mdundo, mwiko ukigonga sufuria pale pale ngoma inapogonga. Siku hizi nasikia watu wanapika wakitazama simu ili wajue chumvi inaingia lini. Ugali wao unatoka na madonge, na bado wanaupiga picha.

Jambo ambalo hakuna mtu pale nyumbani aliyelijua ni kwamba spika zile hazikusema kitu kimoja. Santuri nyingi za siku zile zilirekodiwa mwimbaji na besi wakiwa upande mmoja, gita dogo na waitikiaji upande wa pili. Sisi tulidhani muziki ni kama maji ya mto mmoja, ukichota huku au kule ni yale yale. Kulikuwa na santuri moja tuliyoipenda kuliko zote, ya bendi ya vijana wa Bungoma ambao sikuwahi kuwasikia redioni hata siku moja. Sebuleni mwanamume alikuwa akiuliza: mama watoto ameenda wapi, na mbona meko yamepoa? Jikoni wanawake walikuwa wakijibu: yuko shambani kwako tangu alfajiri, na jembe la pili linakungoja.

Wavulana walikua na swali, sisi tukakua na jibu. Njiani kwenda shule Wekesa aliimba kwa kifua chote, na akifika mahali fulani ananyamaza, anapiga mluzi kidogo, kisha anauliza tena. Mimi nikimjazia pale palipo wazi, ananikaripia kwamba natunga maneno, kwamba wimbo ule hauna wanawake. Tuligombana juu ya jambo hilo mpaka mama akatuchapa wote wawili kwa fimbo moja, akisema, "Mkibishana njiani mtafika shule kengele imelia." Naye jioni yake akaimba lile jibu kwa sauti kubwa kutushinda sote. Papa alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na sidhani aliwahi kulisikia.

Santuri ile ilipasuka. Redio iliuzwa wakati Papa anaugua. Tulimzika, kisha tukamzika mama, na nikadhani na wimbo wenyewe tumeuzika. Kumbe mtu fulani alikuwa ameuweka mtandaoni. Mwaka huu mjukuu wangu, ambaye masikio yake hayajaonja hewa safi tangu anunuliwe vile vidude vya kuziba, aliutafuta kwenye simu akaupata. Nilimsikia yule mwanamume kwa mara ya kwanza nikiwa na mvi.

Siku iyo hiyo nilishuka Bungoma kwa Wekesa. Alikuwa ametoka katika matibabu ya saratani, amekonda, shingo imebaki ya kuku. Dawa zilimwokoa, ila daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba zinaweza kula masikio. Mimi nilifikiri ni uziwi wa kawaida wa wazee, ule wa kupandishiwa sauti tu. Nilimwekea simu sikioni. Alisikiliza, akatabasamu pale mwanamume anapouliza, halafu akasema, "Hii simu inakwaruza bana. Si umesema kuna wanawake?"

Nikailaumu simu. Nilisema kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kubeba watu wote wa bendi, na kwamba anachohitaji ni spika za maana, zile ndefu za kusimama sakafuni. Nilitaka alisikie lile jibu kabla masikio hayajafunga kabisa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kutaka kumnunulia mtu kitu kwa uchungu kama ule.

Tukaenda Kitale, kwa Hassan, mwenye duka la vyombo vya muziki karibu na msikiti, mtu mnene mwenye sauti inayotoka tumboni. Alimketisha Wekesa kwenye kiti cha plastiki, akaunganisha simu yangu, akaanza na spika za bei ya chini. Zilikuwa na taa za rangi rangi kama za harusi. Besi ilitikisa vioo vya duka, na wanawake wakasikika kwa mbali, kama wamefunikwa blanketi. Wekesa alitikisa kichwa kwa raha. Kisha Hassan akahamishia kwenye zile za bei kali, nyeusi, zisizo na taa wala mapambo. "Hizi hazipigi kelele, mama," aliniambia. "Hizi zinakuonyesha kila mtu amesimama wapi."

Alisema kweli. Gita dogo lilitoka safi, na wanawake wale wakajibu kana kwamba wamesimama mlangoni pa duka. Nilimkumbuka mama na mwiko wake, nikalia mbele za watu bila aibu. Nilipomgeukia Wekesa, alikuwa amekaa vile vile, ameinamisha kichwa, anangoja.

"Wakianza kujibu uniambie," alisema.

"Wameshajibu, Wekesa."

"Ati?"

"Nimesema wameshajibu."

Aliutazama mdomo wangu, uso umekunjamana. Hassan akainama, akasema kwa ile sauti yake nzito, bila hata kuipandisha, "Dada anasema wanawake wameshajibu, mzee."

Wekesa alimsikia mara moja. Hapo ndipo nilipoelewa. Dawa zilikuwa zimeanza juu, zikafagia gita dogo, ndege, kengele, na sauti za wanawake wote, yangu ikiwemo. Zilimwachia besi na wanaume wenzake. Tangu nifike kwake alikuwa akinisoma midomo, na mimi nikidhani tunaongea.

Bado niliziomba zile za bei kali. Nilibishana kwa hasira, kama mtu anayebishana na daktari. Wekesa aliweka mkono juu ya wangu. "Nasimiyu, chukua hizo zingine. Hizi nzuri zinaimbia watu wenye masikio. Mimi hiyo ngoma inanitosha, yenyewe nasikia mpaka kwa mifupa."

Tukabeba zile zenye taa za harusi. Daktari amesema na besi itafuata, hajui lini.

Enzi zetu tulisikizana gizani. Mafuta ya koroboi yakiisha, mtu wa jikoni aliita na wa sebuleni akaitika, na mazungumzo yakaendelea kuvuka ua kupitia kuta za udongo mpaka mmoja wetu asinzie. Siku hizi nyumba ya Wekesa ina umeme na viti vya kuzama. Nikienda Jumapili tunakaa ana kwa ana, magoti yakikaribia kugusana. Anaimba swali, ananyamaza, nami namjibu kwa nguvu zangu zote. Jumapili iliyopita jua lilituzamia tukiwa katikati ya wimbo. Alininyooshea mkono ninyamaze.

"Washa taa, dada," alisema. "Sikusikii."