Namba Tisa, Mengineyo

Mimi ndiye niliyechagua. Nasema mapema kwa sababu wale wachache niliofanya kazi nao hupenda kusema kwamba jambo lile lililetwa kutoka juu. Halikuletwa kutoka juu. Lilikuja mezani kwangu ndani ya mafaili mawili, nikapewa wiki mbili za kusoma, kisha nikaweka kidole juu ya moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa karani wa ofisi ya matengenezo katika kiwanda cha nondo kilichokuwa kaskazini ya Dar es Salaam, kabla hujafika Mapinga. Kiwanda kilipokea vyuma vinene kutoka ng'ambo, kikavichoma katika tanuru mpaka vikawa vyekundu, kisha kikavipitisha katikati ya rola, jozi baada ya jozi, mpaka vikawa nondo za kujengea. Kelele yake ilifika mpaka kwenye chumba nilichopanga na shangazi yangu Mapinga. Siku kelele ikikatika, shangazi alisimamisha ufagio akasema, "Wenzako wamevunja tena."

Nilizaliwa Bagamoyo, mji wa zamani, katika nyumba ya baba yangu aliyekuwa akiuza vitambaa. Nilisoma chuoni kwanza, yaani Kurani, halafu shule, halafu kupiga taipu mjini. Baba hakupenda mtoto wa kike afanye kazi kwenye moto na vyuma. Nilimwambia kwamba mimi nitakaa ofisini na karatasi zangu, na kwa miaka miwili ya kwanza sikumdanganya.

Aliyenitoa ofisini ni fundi mkuu. Alikuwa mtu wa Mkange, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyejifunza ufundi ujanani kwenye mashamba ya mkonge, akitengeneza korona, zile mashine za kuchuna majani ya mkonge. Kila asubuhi alizunguka kiwanda na bisibisi ndefu. Aliweka ncha yake juu ya mtambo, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Halafu aliandika katika daftari. Aliandika Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa chuo, kwa maana herufi nyingine hakuzijua. Mameneja waliotutangulia walikuwa wakimwuliza kwa mdomo. Mimi, mwaka wangu wa tatu, nilimwona anaandika, nikasoma juu ya bega lake bila kufikiri: "Mota ya tanuru, leo ana homa."

Aligeuka akanitazama sana.

"Unasoma hii?"

"Nasoma, baba. Nimesoma chuo."

"Subhanallah," akasema. "Basi kiwanda hiki kimepata mtu wa pili."

Tangu siku ile nikawa namwamkia kila asubuhi, shikamoo baba, naye akanijibu, marahaba mwanangu, kisha ananisomea na mimi naandika kwa taipu, kwa herufi za kizungu, ili meneja asome. Madaftari yake yalikuwa kumi na moja. Yalikuwa na kila kilichowahi kuumwa katika kiwanda kile. Mitambo aliipa majina: moja Bibi Mzito, nyingine Kiziwi. Makarani wenzangu walicheka. Waliniita mwalimu wa chuo, wakaniuliza kama nondo zetu tunazisomea dua. Nilicheka nao, lakini iliniuma, na kuuma kule ndiko kulikochagua siku ilipofika.

Meneja mpya alipokuja alitaka mpango wa matengenezo unaofanana na wa viwanda vya ng'ambo. Yalikuja mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la kabati la kadi: kila mtambo na kadi yake, na kipande cha rangi pembeni kuonyesha kazi ya wiki. La pili lilikuwa la kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa mjini, katika ofisi ya watu wengine. Sisi tungejaza fomu, fomu zingepelekwa mjini, huko kadi zingetobolewa matundu na mashine ingesoma matundu yale. Kila wiki tungeletewa karatasi ndefu iliyopigwa chapa: kazi za kufanya, kwa mpangilio, ya haraka juu na ya kungoja chini.

Meneja aliniita. "Wewe ndiye unayejua karatasi za pale kuliko mtu mwingine yeyote. Soma, uniambie."

Nilisoma yote mawili. Kisha nikaenda kumwuliza fundi mkuu, nikamkuta amekaa juu ya debe anapaka grisi kwenye beringi.

"Kabati au kompyuta, baba?"

"Kabati lina nafasi ya kuandika maneno?"

"Lina. Nyuma ya kadi."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ina namba tu."

Aliendelea kupaka. "Mimi ningechukua yenye nafasi ya maneno. Lakini mimi ni mtu wa korona. Chagua wewe mwanangu, ndiwe utakayeishi nayo."

Nikachagua kompyuta. Niliandika kurasa nne za sababu na zote zilikuwa nzuri. Sababu ambayo sikuiandika ni kwamba niliona ule mfano wa karatasi waliotuletea, safi, herufi zimesimama sawasawa, nikajiona nimeishika, na hakuna tena wa kuniita mwalimu wa chuo.

Mtaalamu alikuja kutoka ng'ambo kutuwekea mpango. Alikuwa mpole, alitokwa na jasho sana, alikunywa madafu tuliyomletea akashukuru. Tulizunguka kiwanda watatu, yeye, mimi na fundi mkuu, tukiipa mitambo namba. Bibi Mzito akawa namba kumi na nne. Kiziwi, ambaye alikuwa giaboksi ya jozi ya pili ya rola, akawa ishirini na moja. Kwenye fomu palikuwa na sababu tisa za kuita mafundi, kila moja na namba yake: kuvuja, kupata joto, kulegea, kuvunjika, na kadhalika. Ya tisa ilikuwa "mengineyo."

Fundi mkuu aliniambia nimwulize mgeni, sauti ni namba ngapi.

Nikamwuliza. Mtaalamu alifikiri, akasema kwamba sauti si hitilafu, ni dalili; anayesikia sauti aangalie imesababishwa na nini, ndipo aandike.

Nilimtafsiria. Fundi mkuu akasema kwa upole, "Mwambie, ningekuwa naona ndani ya chuma nisingesikiliza." Hilo sikulitafsiri.

Kabla hajaondoka mtaalamu aliagiza kumbukumbu zote za zamani ziondolewe, kwa maana mipango miwili katika kiwanda kimoja inachanganya watu. Niliyakusanya madaftari kumi na moja kwa mikono yangu nikayapeleka stoo. Stoo wakayaweka pamoja na karatasi kuukuu. Miezi michache baadaye karatasi kuukuu zilichomwa. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikuuliza.

Karatasi za kompyuta zilianza kuja. Zilikuja kila wiki, halafu zikawa zinachelewa, mara mjini hakuna kadi, mara gari halina petroli. Lakini zilikuja, na meneja aliwaonyesha wageni. Mimi nilipata meza kubwa zaidi.

Mwezi wa Shaabani fundi mkuu alikuja ofisini na bisibisi yake mkononi. Hakuwa na desturi ya kuingia ofisini.

"Kiziwi anakohoa," akasema.

"Anavuja?"

"Havuji."

"Ana joto?"

"Joto la kawaida. Anakohoa, mwanangu. Kikohozi cha ndani, kikavu. Nataka asimamishwe siku mbili tumfungue."

Nilichukua fomu. Mtambo ishirini na moja. Sababu, nikatazama zote nane, hakuna iliyokubali. Nikaandika tisa.

Nilijua maana ya tisa. Nilikuwa nimesoma kitabu cha maelekezo kuliko mtu yeyote pale. Kazi za namba tisa mashine iliziweka mwisho kabisa, na karatasi ikijaa, mwisho hauchapwi. Ningeweza kuandika "kuvunjika" ikaja juu wiki ileile. Lakini mtambo haukuwa umevunjika, na mimi nilikuwa karani mwaminifu. Ningeweza kwenda kwa meneja kwa miguu, hatua arobaini. Nilikwenda, kusema kweli, mara moja. Akaniuliza, "Iko kwenye karatasi?" Nikasema bado. Akasema, "Basi tusubiri karatasi. Si ndiyo maana tuliichagua?"

Karatasi ya wiki ile ilikuja bila ishirini na moja. Na iliyofuata. Fundi mkuu alikuja mara ya pili, nikajaza tena, tisa. Mara ya tatu hakuingia. Alisimama mlangoni tu, akanitazama, akaenda zake.

Ilivunjika saa nne asubuhi, ndani ya Ramadhani. Nilisikia mlio mmoja mzito, kama mlango wa chuma unaofungwa, halafu watu wanapiga kelele. Giaboksi ilikuwa imepasuka, rola za jozi ya pili zikasimama huku za kwanza zinaendelea kusukuma, na chuma chekundu, kilipokosa njia, kikajikunja hewani kikatoka nje ya mstari. Fundi mkuu alikuwa amekaa karibu na Kiziwi siku zile zote, peke yake, kwa hiari yake, akingojea. Alikimbilia swichi akaizima. Watu wawili walikuwa mbele ya kile chuma na hawakuguswa. Yeye kilimpata mguu wa kulia.

Walimpitisha mbele ya dirisha langu juu ya ubao. Hakuwa akilia. Alikuwa akisoma kitu, midomo inacheza.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Kamati ya uchunguzi ilikaa siku tatu na mimi ndiye niliyepiga taipu ripoti yao. Waliomba karatasi zote za kompyuta wakazipitia. Waliandika kwamba hakuna kazi yoyote iliyoombwa kuhusu mtambo ishirini na moja, na kwamba fundi mkuu alikuwa mahali asipopaswa kuwa. Nakala za fomu zangu, zile tisa mbili, zilikuwa kwenye droo, upande wa goti langu. Nilipiga taipu mpaka mwisho, nikakagua makosa, nikapeleka. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka nilikuwa naogopa nini hasa. Kazi, labda. Au baba yangu kule Bagamoyo angesema, nilikwambia. Hakuna sababu inayotosha.

Baada ya Idi nilikwenda Mkange kumwona. Nilipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua chumvi Saadani, likanishusha njiani nikatembea. Alikuwa amekaa barazani, kisiki cha mguu kimefunikwa na shuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kiwanda hakijambo?"

"Kimesimama. Wanangoja giaboksi kutoka ng'ambo."

"Itachelewa," akasema. Tukakaa. Mkewe alileta uji, akaondoka. Kisha mzee akaniuliza, bila kuinua sauti, "Uliandika?"

"Niliandika, baba. Mara mbili."

"Uliandika nini?"

Nilitazama chini. "Mengineyo."

Alirudia neno lile polepole, kama mtu anayesoma jina asilolijua. Mengineyo. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza kama ninaweza kumletea madaftari yake, maana sasa ana nafasi ya kukaa, angewafundisha vijana wa pale, hata kama ni mashine za kusaga tu.

"Yalichomwa, baba."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa, akasema uji unapoa.

Giaboksi haikufika mwaka ule. Ilipofika ilikuwa si yenyewe, ikarudishwa. Kiwanda kilifanya kazi wiki mbili, kikalala miezi mitatu. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja. Lakini mkataba wa kompyuta ulikuwa bado hai, na karatasi ziliendelea kuja kila wiki, safi, zikituagiza kupaka grisi mitambo ambayo haikuzunguka na kukaza bolti za mkanda ambao panya walikuwa wameula. Sheria ilikuwa kila mstari utiwe saini. Nilitia saini. Nilikaa pale miaka minne zaidi, nikitia saini, na shangazi aliacha kuuliza kwa nini kelele haisikiki.

Kuhusu fundi mkuu nilisikia kwa dereva mmoja wa Lugoba niliyekutana naye sokoni. Alidhani najua. Mzee alikuwa ameshazikwa, arobaini imeshapita, kidonda hakikuwahi kufunga vizuri.

Nilikwenda tena Mkange kutoa pole, nimechelewa kiasi hicho. Mjane alinipokea vizuri, akatandika mkeka, tukasoma Fatiha. Aliniambia mumewe alinisifu, alisema mimi ndiye mtu pekee kiwandani aliyejua kusoma. Halafu akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, kwa aibu, kama naweza kumwombea kazi mkwewe pale kiwandani, ni kijana mwenye bidii, amejifunza kwa mzee.

Nikamwambia nitauliza.

Sikuuliza. Hapakuwa na kazi ya kuulizia, na nilijua hivyo nikiwa bado nimekaa juu ya mkeka wake. Alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba mfuko wa mihogo aliyonichimbia, akanishukuru.