Majina ya Ukurasa wa Mwisho

Fuatino Peleti alikuwa akikuna nazi nyuma ya nyumba yake, kijijini Vaitolo, simu ilipolia ndani ya mfuko wa gauni. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na zilibaki siku tisa kabla ya Jumapili ya Watoto. Akajifuta mikono, akasoma ujumbe, akausoma tena, kisha simu ikabaki mkononi hadi kuku wakaanza kudonoa nazi iliyokwisha kukunwa, naye hakuwafukuza.

Kitabu kilikuwa kimekataliwa.

Ngoja kwanza nikueleze kitabu chenyewe, maana usipokijua hutaelewa kilichomkausha mama wa watu. Fuatino alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akajifunza mwenyewe, kwa kubahatisha na kukosea, kutengeneza vitabu vya Kisamoa vya kusomwa kwenye vishikwambi. Mtoto anagusa ukurasa, anasikia sauti ya Fuatino ikimsomea taratibu, na sauti ikiisha ukurasa unajigeuza wenyewe. Sauti hizo alizirekodi chumba cha ndani, godoro limeegemezwa dirishani, siku ambazo mvua haikupiga bati na jogoo wa jirani alikubali kunyamaza.

Kitabu cha mwaka huu kilikuwa cha watoto thelathini na mmoja wa Auckland, ng'ambo ya bahari. Wazazi wao walizaliwa Vaitolo, lakini wao wenyewe, wengi wao, hawajawahi kukanyaga huku. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia, kwa hiyo safari hii wote wanapanda ndege kuja. Na Jumapili ya Watoto haina huruma: kila mtoto huvaa nyeupe, husimama mbele ya kanisa zima na kutoa kifungu chake kwa kichwa, bila karatasi. Akinyamaza pale mbele, ukoo mzima umenyamaza naye.

Watoto wale hawakuweza kusoma Kisamoa sawasawa, walihitaji kusikia. Wazazi walikuwa wakipokezana zamu viwandani na hospitalini, simu wakiondoka nazo mifukoni. Nyumbani vilibaki vishikwambi, na vishikwambi hivyo wazazi walikuwa wamevifunga ili watoto wasipotee na upuuzi: hakiingii kitu ila kilichopitia duka la programu. Mlango ni huo mmoja, na mlangoni wamekaa wakaguzi.

Mdogo kuliko wote katika hao thelathini na mmoja alikuwa Ianeta, miaka saba, mjukuu wa Fuatino. Alijua maneno matatu ya Kisamoa, na moja kati ya hayo lilikuwa tusi. Kwa kuwa ni mdogo, kifungu chake kiliwekwa mwisho wa kitabu: mistari sita tu.

Fuatino akampigia bintiye aliyeko Auckland, Sieni, mama yake Ianeta, ambaye ndiye aliyekuwa amejiandikisha dukani kwa niaba yake.

"Wanasema nauza," akamwambia.

"Unauza nini?"

"Kitabu."

"Mama, kitabu si ni bure?"

"Waambie wao."

Kilichowashtua wakaguzi kilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, ule baada ya kifungu cha Ianeta. Vaitolo mtu hapokei kitu akanyamaza. Ukiletewa zawadi, hutangazwa kwa sauti mbele za watu: nani kaleta na kaleta nini, hata kama ni kopo moja. Familia kumi na nne zilikuwa zimemchangia Fuatino ili anunue kompyuta na kinasa sauti. Naye, mtu aliyelelewa, akazitangaza kitabuni. *Familia ya Mele Vaelua, mkeka laini mmoja na makopo kumi na mawili ya nyama, kwa ajili ya kitabu.* Na nyingine zikafuata, zote kumi na nne. Akaandika, akasoma kwa sauti, akapeleka.

Kumbe kanuni ya duka ni hii: kitabu kikilipiwa ndani ya programu, malipo yapite kaunta ya duka, nalo likate fungu lake, karibu theluthi. Na ole wako umwambie msomaji kwamba kuna mlango mwingine wa kulipia. Hata kuutaja usiutaje. Ndiyo maana wauzaji wengi wakubwa waliondoa kabisa kitufe cha kununua. Msomaji akimaliza sura ya kuonja anagonga ukuta, na hakuna ruhusa ya kumwambia azunguke wapi. Fuatino alikuwa anayajua hayo yote. Alikitoa kitabu bure kusudi asigombane na mtu. Lakini mkaguzi, huko aliko, alitafsiri ukurasa ule akaona majina, vitu, na "kwa ajili ya kitabu". Akaona duka limefunguliwa ndani ya duka.

Fuatino akaandika majibu kwa Kiingereza chake cha kufundishia, kila nukta mahali pake: hizi ni zawadi, zimekwisha kutolewa, hakuna anayelipa kusoma. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu likaja jibu, na Sieni akamsomea kwenye simu:

"Tafadhali eleza mteja anafunguaje kitabu kwa kulipa mkeka, na ni makopo mangapi kwa kitabu kimoja."

Sieni alicheka hadi akakohoa. Fuatino hakucheka.

"Mama, futa tu huo ukurasa. Ni dakika moja."

"Nifute majina ya watu?"

"Ni ukurasa, Mama."

"Huko kwenu ni ukurasa. Huku ni watu, nakutana nao bombani."

"Sasa Ianeta je? Kila nikitoka kazini ananiuliza kitabu cha Bibi kimefika. Atasimama pale aseme nini, lile tusi?"

Fuatino akakata simu. Akahesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi wanatua.

Jumanne akafunga kilemba akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Kulifuta jina la mtu lililokwisha kutangazwa si jambo la kufanyia chumbani. Kwa familia kumi na tatu ilikuwa rahisi. Mmoja alimwambia, "Futa, Mwalimu, ila sahani yangu nirudishie." Mwingine akamwuliza kama hao wakaguzi wana mama zao. Walitania, wakamimina kakao, wakakubali.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya Mele.

Mele Vaelua ndiye mwenyekiti wa kamati ya wanawake. Alikuwa ameketi sakafuni akisuka, hakuinua uso.

"Nimesikia unakuja," akasema. "Habari yako imetangulia, inakimbia kuliko wewe."

"Mele, ni kwa ajili ya watoto."

"Mkeka ule umenila miezi kumi na minne, Mwalimu. Macho haya. Tulipoezeka kanisa walitangaza majina yote wakaniruka mimi. 'Bahati mbaya, Mele, samahani, Mele.' Mpaka leo wapo wanaosema sikutoa. Sasa umeniandika, na umekuja kunifuta. Kwa sababu ya mashine."

"Kwa sababu ya kanuni ya wenye mashine."

"Ndio wanaokulisha?"

Mele akavuta uzi wa mkeka, akaukaza.

"Haya, futa. Lakini jina langu litasikika Jumapili. Kanisani, hao wa Auckland wakiwepo. Sitaki jikoni, sitaki barazani. Kanisani. Lisiposikika, mimi na wewe basi."

"Litasikika," Fuatino akasema.

Akaenda moja kwa moja hadi kwa mke wa mchungaji kuomba dakika mbili katika ibada. Yule mama akamkodolea macho.

"Mwalimu, umesahau? Jumapili ile mtu mzima hafungui kinywa. Mchungaji mwenyewe anakaa benchi kama wewe. Ni siku ya watoto."

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameahidi kwanza, akafikiri baadaye.

Jioni ile alikaa mbele ya kompyuta, akayapaka majina rangi ya kufutia, moja baada ya jingine, akabonyeza. Yakatoweka. Ukurasa wenyewe mkono ulikataa kuutoa. Akauacha mweupe, kama mkeka uliotandikwa ilhali wageni hawaji. Akatuma.

Jumatano alifua nguo zilizokuwa safi. Kila dakika kumi aliipangusa simu kana kwamba vumbi ndilo linazuia habari. Alhamisi karibu saa tano ikalia: kimepita.

Jioni Sieni akapiga. Kwa nyuma sauti ya mtoto ilikuwa inanung'unika.

"Anasikiliza tangu arudi shule, Mama. Ila analalamika, eti kifungu chake ni kirefu kuliko vya wote."

"Cha mistari sita ndicho kirefu? Mwambie asinidekee!" Fuatino akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, na neno hilo akalisahau palepale.

Jumamosi wakatua, wakavuka kwa feri, wakateremka kijijini. Ianeta alijificha nyuma ya kiuno cha mama yake. Fuatino alipomwomba amwonjeshe kifungu chake, akatikisa kichwa. Bombani, Mele alipita na ndoo yake, akasimama kidogo tu.

"Mwalimu. Kesho."

"Kesho," Fuatino akajibu, na usiku mzima akawa anatafuta hiyo kesho ataifanyaje.

Asubuhi kanisa likajaa hadi madirishani. Watoto wa Vaitolo walitangulia, wakatiririka kama maji. Kisha wa Auckland. Mmoja alilia, akarudia, akamaliza. Mwingine alitoa kifungu chake mbio mbio hadi watu wakamwonea huruma. Fuatino midomo ilikuwa inamcheza, akisema na kila mmoja bila sauti. Safu mbili mbele yake aliiona shingo ya Mele, imenyooka kama nguzo. Wakapita thelathini.

Ianeta akasimama. Gauni lilimzidi, kofia imelala upande. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kiasi kwamba Sieni alishika mkono wa mama yake akauminya.

Mtoto akaanza. Ilikuwa sauti ya Fuatino yenyewe imetoka katika mwili mdogo: pale alipovuta pumzi naye akavuta, pale alipokaza naye akakaza. Mstari wa kwanza, wa tatu, wa sita. Kanisa likashusha pumzi. Sieni akaachia mkono.

Lakini Ianeta hakukaa. Akavuta pumzi tena.

"Familia ya Mele Vaelua," akasema kwa Kisamoa safi, "mkeka laini mmoja na makopo kumi na mawili ya nyama, kwa ajili ya kitabu."

Ndipo Fuatino akaelewa. Sauti! Alifuta maandishi, akaisahau sauti. Ukurasa mweupe ulikuwa unajigeuza wenyewe na kuendelea kusema, na mtoto asiyejua maana ya neno hata moja ameukariri wote kama ulivyo.

Akatafuta namna ya kumpa ishara akae, akaiacha. Ianeta alikuwa ameshika mwendo. Familia ya pili, ya tatu. Mzee mmoja nyuma akaitikia "Vizuri!" kwa sauti nzito, kama inavyoitikiwa zawadi ikitangazwa. Ya nne, na sasa benchi zima likaitikia. Baada ya jina la saba mtoto akatulia, akakunja uso, akasema kwa ukali, "Shii, jogoo wewe!" kisha akaendelea na jina la nane. Kanisa likaanguka kwa kicheko, mchungaji akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Ianeta hakutetereka. Alifika ya kumi na nne, akainama, akarudi mahali pake.

Nje, Mele alimfikia Fuatino kabla hajateremka ngazi. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Mwalimu."

"Mele."

"Makopo yalikuwa kumi na matatu."

Akaenda zake, akipunga watu kushoto na kulia.

Mchana, watoto waliketi mezani kwanza na wazee wakawahudumia, kama ilivyo siku hiyo. Fuatino aliweka mbele ya Ianeta magimbi, kuku, na bakuli la aiskrimu iliyokwisha kuanza kuyeyuka. Mtoto akamtazama kwa wasiwasi, akanong'ona kwa Kiingereza chake:

"Bibi, nilikosea wapi? Mbona walicheka?"

"Hukukosea," Fuatino akasema. "Kula."