Aisoleta Tulizopandisha Ghorofani

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha majani chai, juu kidogo ya Litein, sikupewa bisibisi wala koleo. Fundi Mkuu wa Umeme alinisimamisha mbele ya ukuta uliojaa masanduku ya chuma, kila moja na mkono wake pembeni, akaniuliza ni nini. Nikasema ni swichi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti mfukoni, nikadhani nimejibu.

"Lakwet," akaniita, yaani mtoto kwa Kikipsigis, ingawa nilikuwa na ndevu. "Kuzima taa hata nyanya yako anajua. Mimi nauliza hivi: kama mkono yako iko ndani ya mashine, ni nini inazuia mtu mwingine asiwashe?"

Akateremsha mkono wa sanduku moja, akapitisha kufuli kwenye tundu lake, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwake na kwenda kunywa chai. Nilibaki pale nikitazama kufuli hadi aliporudi. Hilo ndilo lilikuwa somo la siku nzima.

Kwa wale mnaoanza, nieleze. Aisoleta kazi yake ni kutenganisha mashine na umeme ili mtu aishughulikie salama. Haikulindi na shoti, na nyingine hazitakiwi hata kufunguliwa mota ikiwa inavuta mzigo, maana cheche zake zitakula chuma na pengine uso wako. Swichi fyuzi ni sanduku lililobeba vyote viwili, swichi ya kutenganisha na fyuzi za kukatika umeme unapozidi. Ukitaka kuchagua, anza na kibati kilichopigiliwa kwenye mota, usome ampia zake. Kumbuka mota ikianza huvuta mara tano au sita ya hizo, kwa hiyo fyuzi iwe ya aina inayostahimili kishindo hicho. Kisha tazama kebo. Fundi Mkuu hakuchoka kutuambia kwamba fyuzi ni ya kulinda kebo, na anayeweka fyuzi kubwa ili asiitwe kila mara amejiwekea moto ndani ya ukuta. Swichi yenyewe iwe ya kazi ya mota, si ile nyepesi ya taa, na sanduku lake lifae mahali linapokaa, kama ni pa vumbi au pa maji.

Nilimtumikia Fundi Mkuu huyo hadi nikahamishiwa kiwanda kidogo upande wa Sotik, chini ya Injinia wa Kanda. Huyu viatu vyake havikuwahi kushika uchafu wa chai, nasi tulimcheka kwa siri, lakini kanuni za nyaya alikuwa nazo kichwani kama wengine walivyo na nyimbo za kanisa. Aliniambia mashine yenye mota iwe na aisoleta karibu nayo, mtu anayeifanyia kazi aione. Isipowezekana, basi lazima ifungike kwa kufuli ikiwa imezimwa. Siku moja nikamwambia stoo hakuna za kufungika.

"Kanuni haiulizi uko na nini kwa stoo," akasema, akaenda zake.

Nawasimulia haya mjue kwamba nilifundishwa. Sina pa kujificha nikisema sikujua.

Nilipopanda cheo nikawa Fundi Mkuu mwenyewe, nilipelekwa kiwanda cha tatu, ambacho sitakitaja. Aisoleta zake zilikuwa ukutani kando ya CTC, mashine zile zenye roli za meno zinazosaga na kukata majani. Mahali palikuwa sawa kabisa. Shida ilikuwa maji. CTC huoshwa kila siku, la sivyo majani yanachacha kwenye meno, na sisi tuliosha kwa mpira wa maji yenye nguvu. Maji yakaingia masandukuni, fyuzi zikawa zinakatika, na msimu wa majani mengi, laini moja ya mashine ikisimama, majani mabichi yanapata joto kwenye marundo na kuharibika. Niliomba masanduku yasiyoingiza maji. Yangekuja baada ya wiki kadhaa.

Meneja wa Kiwanda aliniita. Hakuwa mtu mbaya, na hilo hunisumbua hadi leo.

"Fundi, majani yanaiva kwa sakafu na wewe unaniambia ningoje sanduku? Si utafute mahali pakavu uziweke?"

Nikatafuta. Ghorofani, kando ya vitanda vya kunyaushia majani, kulikuwa na chumba kikavu. Nilipandisha aisoleta zote huko, nikazipanga mstari mmoja. Stoo ilikuwa na za aina nyepesi, zisizo na tundu la kufuli, nikafunga hizo. Nikaandika namba za laini kwa rangi nyeupe, nikaweka sheria kwamba mtu apige kelele ngazini kabla ya kuwasha, kana kwamba kelele ni kufuli. Kisha nikatia sahihi kwamba kazi imefuata kanuni. Masanduku niliyoagiza yalipofika yakakaa stoo, kwa sababu laini hazikuwa zikisimama tena na hakuna aliyetaka kuzigusa, mimi nikiwa wa kwanza.

Omwenga ndiye aliyekuwa akiosha laini ya pili. Alitoka Nyamira, ng'ambo ya Chepilat, mtu wa mzaha aliyeniita daktari wa mota na kuniuliza wagonjwa wangu wameamkaje. Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku nyingi, laini yake ilizimwa kule juu, naye akapiga magoti akikwangua majani katikati ya roli. Msimamizi wa shifti akapita ghorofani. Akaona mkono wa aisoleta moja umeshuka, vumbi la chai limefunika namba niliyoandika, akafikiri umesahaulika. Akaupandisha. Chini, swichi ya kuwashia ilikuwa imeachwa mahali pa kuwaka, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kuzimia juu. Laini ya kwanza ilikuwa ikinguruma, na hata kama kuna aliyepiga kelele ngazini, nani angesikia?

Mimi nilikuwa hatua chache tu. Nilisikia mashine ikianza, kisha nikaisikia ikikwama.

Alipelekwa hospitali ya Kapkatet, akapona, lakini mkono wa kulia ulikwisha kwenye kiwiko.

Siku aliyokuja Mkaguzi wa usalama kazini, Meneja aliniita mapema. "Ukisema hizo swichi ziko mahali mbaya, atafunga laini zote, na wakulima wako na majani kwa shamba. Halafu fundi, sahihi ni yako." Alisema kwa upole, kama mtu anayenihurumia. Fomu ya Mkaguzi ilikuwa na swali moja lililonihusu: je, mfanyakazi aliweza mwenyewe kutenganisha mashine na umeme na kuzuia isiwashwe? Nikaandika ndiyo.

Kwa neno hilo moja, Omwenga akapewa barua ya kuachishwa iliyosema ameumia kwa uzembe wake. Kila alikoomba kazi, hata ya kulinda lango, waliitaka barua. Kwao watu wakaanza kusema alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuonja pombe. Alinijia nyumbani mara moja, mkono wa kulia wa shati umefungwa kwa pini.

"Mzee, mimi sitaki kukuletea maneno," akasema. "Andika tu vile ilikuwa. Watoto wangu wajue sikuwa mjinga."

Nilimwambia angoje kidogo, nimebakisha miaka michache nistaafu, kisha nitaandika. Alinitazama, akasema sawa. Akangoja. Nami miaka hiyo yote nilipita mle ndani na kitambaa mfukoni, nikipangusa namba kwenye zile aisoleta, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Sikulala vizuri, na sistahili kuhurumiwa kwa hilo.

Wiki niliyostaafu niliandika kurasa mbili. Nikataja chumba cha ghorofani, aina ya aisoleta, tundu lisilokuwepo, na sahihi yangu. Nikapeleka mwenyewe kiwandani. Meneja mpya, kijana mwenye adabu, alisoma zote kabla ya kuzungumza.

"Mzee, hii ungeleta ukiwa Fundi Mkuu ingekuwa ripoti," akasema. "Saa hii ni barua ya mtu wa nje. Nitaweka kwa faili."

Nikapanda ghorofani kuangalia, maana walinzi bado wananijua. Zilikuwa zile zile. Chini kijana mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye laini ya pili na mpira wa maji umelala kando yake. Nikapita, nikatoka. Nakala nyingine niliituma kwa ofisi ya ukaguzi, na hadi leo sijajibiwa.

Majuto ni mjukuu, husema watu, na huyu wangu amehamia nyumbani kabisa. Vijana huniuliza nilifurahia nini kazini. Nilifunga mota nyingi na zikazunguka. Najua kuchagua fyuzi nikiwa nimefumba macho. Yote hayo hayafiki uzito wa neno moja nililoandika kwenye fomu, na sioni litakalolifuta.

Siku ile ile niliyopeleka barua kiwandani nilishuka hadi Chepilat, nikauliza njia, nikamkuta Omwenga akilisha ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Mkewe aliniletea kiti, akaingia ndani bila kunisalimu. Nikamsomea Omwenga kurasa zote mbili. Nikamweleza alichosema meneja mpya. Nikamwomba msamaha.

Alisukuma majani ya ng'ombe kwa mguu.

"Nilijua utaandika wakati haiwezi kukuuma," akasema. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Kisha akauliza, "Na hizo swichi, zilishuka?"

"Hapana. Bado ziko juu."

"Sasa ni nani anaosha laini ya pili?"

Nilikuwa nimempita kijana huyo asubuhi, hatua mbili kutoka kwake, na sikumwambia kitu. Hata jina lake sikuuliza.