Mkono wa Kushoto wa Narcís Bellmunt

Mwaka ule wanaume wanane waliobaki kwenye mashindano makubwa ya tenisi ya Paris wote walikuwa wa Ulaya, na mtangazaji wa televisheni hakutuacha tupumue. Ulaya imetawala tena, alisema, kisha akarudia baada ya matangazo ya biashara kana kwamba sisi ni viziwi. Wateja wangu walipiga meza kwa furaha. Mimi nilikuwa nasugua sufuria la konokono, nikawauliza Ulaya ikitawala mimi napata nini. Wakaniambia, Remei, huna shukrani hata kidogo, mmoja wa hao wanane ni mtoto wa kaka yako.

Ni kweli. Biel Bellmunt ni mtoto wa kaka yangu Eudald, na siku zile picha yake ilibandikwa hadi kwenye mlango wa duka la dawa. Lakini watu wakianza habari za kutawala, mimi namkumbuka Narcís, ndugu yake mkubwa. Kwenye kutawala kwa Ulaya kuna waliotawaliwa, na hao pia ni Waulaya, wanakaa nyumba ya jirani na wanakuja kula kwangu.

Klabu yetu ina viwanja vinne vya udongo mwekundu nyuma ya mashamba ya lozi, mwendo mfupi kutoka Tarragona. Eudald ndiye anayevitunza: anamwagia maji, anaburuta wavu wa kusawazisha, anafagia mistari. Mimi nina jiko na baa ya klabu. Narcís alilelewa katikati yetu wawili, raketi mkononi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Ni mashoto. Alipokuwa mdogo hapakuwa na mtu mjini wa kumfunga, na alipobalehe hapakuwa na mtu mkoani. Tukajiambia tumezaa bingwa.

Akaenda duniani, yaani kwenye vile vimashindano vidogo ambavyo televisheni haivionyeshi. Alifika Slovenia, akakuta kijana mashoto mwenye baba mfagia viwanja. Alifika Poland, akakuta wengine wawili. Italia ndiyo usiseme. Kila mji wenye kanisa na kiwanja cha udongo ulikuwa umezaa Narcís wake, na wote walikuwa wanagombea mlango mmoja mwembamba. Alilala kwenye gari, akafunga nyuzi za raketi zake mwenyewe, akacheza na kifundo cha mguu kilichovimba. Mwisho wa yote alikuwa mchezaji wa mia mbili hivi duniani. Mwokaji mikate wa mia mbili kwa ubora duniani angekuwa tajiri. Mchezaji wa tenisi wa mia mbili alirudi nyumbani akaniomba sahani ya dengu, na nilipomwongezea soseji akalia. Nikamwongezea nyingine.

Kazi iliyomwokoa ilitoka kwa Ludvík Hanák, yule bingwa Mcheki. Wachezaji wakubwa wana mtu wa kufanya naye mazoezi, na kazi ya mtu huyo ni kuwa mpinzani wa kesho. Kesho Hanák akikutana na anayepiga mipira mizito ya juu, leo Narcís anapiga mipira mizito ya juu. Akikutana na mashoto, ndiyo sherehe yenyewe, kwa sababu mashoto wazuri wa kufanya nao mazoezi hawaokotwi njiani. Siku ya mechi Narcís anakaa na kocha kwenye viti vya timu, amevaa kofia ya bingwa, anapiga makofi. Alifanya hivyo miaka mitatu na alioa kwa kazi hiyo. Mke wake, Llúcia, wakati huo alikuwa na mimba kubwa.

Sasa Biel. Amepitwa na kaka yake miaka kumi na miwili, naye ni mashoto vilevile, na kila anachokijua alikitoa kwa Narcís, kwenye kiwanja cha nne, kile cha karibu na dirisha langu la jikoni. Nilisikia mafunzo yote bila kutaka. Kuna pointi ambayo Narcís aliita pointi ya roho mkononi: wewe ndiye unayeanzisha, na ukiipoteza gemu imekwenda, pengine na mechi nzima. Mashoto akianzisha upande wa kushoto, ambako pointi hiyo mara nyingi huangukia, dunia yote inajua mpira utakwenda nje, umvute mpinzani hadi karibu na ukuta. Narcís alimfundisha mdogo wake afanye kinyume. Roho ikifika kooni, alimwambia, peleka katikati, mpira uguse mstari. Alimrudisha hapo jioni baada ya jioni mpaka mtoto akawa anaanzisha hivyo bila kufikiri.

Mwaka ule Biel aliingia Paris kupitia mechi za mchujo, hakuna aliyemjua, akashinda na kushinda. Alipofika robo fainali, jina lililokuwa linamsubiri lilikuwa Hanák.

Hanák si mtu mbaya, lazima niseme, ingawa ningependa kusema vinginevyo. Alimwita Narcís pembeni, akamwambia kwamba kama jambo hili ni gumu aseme, atatafutwa mtu mwingine na hakuna atakayekasirika. Narcís alilijua vizuri hilo neno "mtu mwingine". Mtu mwingine alikuwa amesimama getini, tena walikuwa ishirini, kutoka kila nchi ya Ulaya, wote mashoto, wote wa mia mbili duniani. Ukimpisha mmoja siku moja, hutoki hapo na kazi. Akajibu kwamba anaweza.

Kisha akampigia simu mdogo wake. Biel alicheka, akamtania kwamba sasa hata bingwa anamwogopa Bellmunt mpaka amewakodi wote wawili. Baadaye akaacha kucheka.

"Fanya kazi yako, kaka," alisema. "Ila usimpe cha nyumbani."

"Cha nyumbani kinabaki nyumbani," Narcís akamjibu.

Na alikusudia. Usiku kucha alipanga jinsi ya kufanya, akapata njia aliyoiona safi. Hatamwigiza Biel. Atacheza mchezo wake mwenyewe, ule wa zamani, wa Narcís Bellmunt aliyeshindwa, ambao hakuna mtu anayeutaka tena. Bingwa atapata mashoto wa kupigiana naye, na mdogo wake atabaki na siri zake.

Asubuhi kocha alilalamika kidogo. Alitaka Biel, akauliza huyu anayemwona ni nani. Narcís akasema mashoto ni mashoto, na Hanák akasema basi, twende hivyohivyo. Walipokaribia kumaliza, Hanák akaomba wacheze pointi za roho mkononi, Narcís akianzisha. Akamchokoza pia, kama desturi yao.

"Vipi, mzee, leo hukunywa chai?"

Nadhani hapo ndipo damu ilipomchemka. Miaka mitatu alikuwa amecheza kama watu wengine, leo anacheza kama yeye mwenyewe, mbele yake bingwa wa dunia anamwita mzee. Akaanzisha. Hanák hakuugusa mpira. Akaanzisha tena, Hanák akaugusa ukaenda kwenye turubai. Aliendelea kumpiga mpaka bingwa akainama, mikono magotini, akasema imetosha, asante.

Alinipigia mchana ule ule. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa kijana.

"Shangazi, leo nimempiga bingwa. Na sijampa chochote cha nyumbani."

Nikamwambia Mungu ambariki, na mimi mjinga nikamfungulia kila mteja chupa ya mvinyo.

Siku ya mechi klabu ilijaa hadi nje. Nilikata mikate, nikaipaka nyanya na mafuta mpaka vidole vikakunjamana. Eudald alikaa mbele kabisa, kofia magotini. Biel alicheza kama amekunywa moto. Akachukua seti ya kwanza, akapoteza mbili, akachukua ya nne, na kwenye ya tano walikwenda bega kwa bega hadi mwisho, pale ambapo gemu moja tu inaamua. Pointi ya roho mkononi. Biel alifuta jasho, akarusha mpira juu.

Kabla mpira haujashuka, Hanák alikuwa ameshahamia katikati.

Mimi si mtaalamu, lakini nimeangalia tenisi kupitia dirisha la jikoni maisha yangu yote. Mtu anayebahatisha anaruka. Huyu hakuruka, alikwenda mahali palepale kama anayeenda kufungua mlango wa nyumba yake. Mpira ukamwendea kwenye raketi, naye akaurudisha miguuni kwa Biel. Biel akaokoa pointi ile kwa shida. Ikaja nyingine kama ile, akapeleka katikati tena, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na Hanák alikuwa tayari hapo tena. Mechi ikaisha.

Kamera ilikwenda kwenye viti vya timu ya bingwa. Kocha alikuwa amesimama, anarukaruka. Pembeni yake Narcís alikuwa ameketi na ile kofia kichwani, mikono yake miwili mbele kama mtu aliyeombwa apige makofi akasahau yanapigwaje. Kisha kamera ikamwonyesha Biel akiwa wavuni. Hakuwa anamwangalia Hanák aliyekuwa anampa mkono. Alikuwa anaangalia kule juu.

Mtangazaji akasema kwamba Ulaya itashinda kwa vyovyote vile. Eudald akainuka, akatoka, akaenda kumwagia maji viwanja ambavyo alikuwa ameshavimwagia. Nilitaka kurusha sufuria kwenye ile televisheni, na kama isingekuwa mali ya klabu ningerusha.

Hanák ndiye aliyemweleza Narcís, baada ya kuoga, kwa upole, akidhani anamsifu. Alimwambia kwamba siku ya mazoezi, kila alipopeleka mpira katikati, mguu wake wa mbele uliingia ndani kidogo kabla hajarusha. Narcís hakuwahi kuujua mguu huo. Hata Biel hakuujua. Kesho yake, alisema Hanák, alimwona kijana anafanya kitu kilekile, akaona hana haja ya kubahatisha. Akamshika bega na kumwambia kwamba bila yeye asingepita. Siku chache baadaye alibeba kombe, na akamwahidi Narcís kazi ya mwaka mzima unaofuata.

Biel alirudi nyumbani kwenye sikukuu ya Sant Joan. Mchana ule vijana walikuwa wanarundika mbao za moto wa jioni uwanjani, na mimi nilikuwa natoa mikate ya sukari kwenye tanuri. Narcís alikuwa ameketi jikoni kwangu tangu asubuhi. Alikuwa amempigia mdogo wake simu mara nyingi, haikupokelewa hata moja. Biel akaingia na mabegi yake mawili makubwa, yote kwa mkono wa kushoto, akanibusu, akayatua chini. Sikutoka. Jiko ni langu.

"Ulimwambia?" Biel akauliza.

"Sikumwambia neno. Naapa kwa mtoto anayekuja."

"Basi alijuaje?"

Narcís akamweleza yote, bila kujificha: jinsi alivyokataa kumwigiza, jinsi alivyoamua kucheza mchezo wake mwenyewe, jinsi alivyochokozwa akapandisha hasira, na habari ya mguu. Alipokuwa anasimulia niliona mwenyewe namna ilivyokuwa, na nadhani Biel aliona kabla yangu. Hakuwa amemwigiza mdogo wake kwa sababu hakuwa na haja. Mchezo aliouita wake ndio alioupanda kwa yule mtoto, pointi kwa pointi, mpaka kwenye wayo wa mguu. Kumpa Hanák mchezo wa Narcís kulikuwa ni kumtoa Biel mzima mzima.

Nilitegemea apige kelele. Ningefurahi apige kelele, ningewanyamazisha wote wawili na kuwalisha. Lakini Biel aliuangalia mkono wake wa kushoto.

"Bora ungemwambia," akasema mwishowe. "Bora ungeniuza. Ningekuchukia mwaka mmoja, ningekusamehe, na ningebaki na mkono wangu. Sasa nimekuta hata huu si wangu."

"Ni wako, Biel. Nilikupa."

"Ndiyo. Na bado unao."

Narcís akamwambia kwamba ataacha kazi, kwamba leo hii atampigia Hanák. Biel akatikisa kichwa. Akasema asiache, mtoto anakuja, tena akiacha haitabadilisha lolote, bingwa ameshaona alichotaka kuona. Alisema ameshaongea na kocha mmoja huko Bologna, ataanza upya kila kitu, kuanzia namna ya kusimama. Hiyo itamchukua muda, na huenda isikubali.

Moyo wangu ulivunjika, nasema wazi. Nimewaona watu wakigombana kwa mashamba na kwa wanawake, na hayo yana dawa. Hawa hawakuwa na cha kugombania. Hapakuwa na aliyekosa.

Nikaweka chakula mezani, wakala kidogo. Baadaye Narcís akachukua raketi mbili zilizoegemea ukutani, akamwambia mdogo wake watoke wapigiane kidogo tu, kiwanja cha nne, bila kuhesabu.

Biel akasema hapana, mkono unamuuma. Alikuwa ameingiza mabegi yale mawili kwa mkono huohuo. Narcís alikuwa ameyaona, kama nilivyoyaona mimi, na akamwambia basi, upumzishe.